Fumbo na Gita katika Nyimbo za Shirati Jazz
Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, Tanzania, kusini kidogo ya mpaka wa Migori. Tangu miaka ya 1960 hadi kifo chake mwaka 2006, aliongoza Shirati Jazz katika santuri na madansi ya benga. Wageni walioijua bendi kwa albamu ya Piny Ose Mer (1989) huyasifu magita yake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ni nusu tu. Wajaluo wa Migori na Homa Bay husikia pia mafumbo, ambayo yalimtia Misiani kizuizini zaidi ya mara moja. Fumbo likiisha kuimbwa, sauti hunyamaza na magita hushika kasi. Maana huachiwa mchezaji. Hivyo, anayehakiki mdundo peke yake hajahakiki wimbo.