Bado Mmoja: Kofi Kingston, Bosi na Mkanda

Nianze na ugomvi, maana makala hii ilitokana na ugomvi. Kwenye kituo chetu cha vijana tulikuwa tunaonyesha mieleka kila Jumamosi jioni, betri ya sola ikikubali. Siku moja kijana wa miaka 12 akajaribu teke la kuzunguka aliloliona kwenye video, akamwangusha mwenzake juu ya benchi, mkono ukateguka. Kikao kikaitwa. Mfanyakazi mmoja wa shirika, dada ninayemheshimu, akauliza swali ambalo kila mgeni huuliza: "Lakini si mnajua kwamba yale ni maigizo?" Vijana wakacheka. Mmoja akamjibu kwa adabu, "Dada, hata tamthilia ni maigizo, na mama analia kila usiku." Mieleka ikasimamishwa hata hivyo.

Mkono umepona, na uamuzi sikuupenda, lakini siandiki kuulalamikia. Nataka kumjibu dada vizuri, kwa sababu kicheko si jibu. Ndiyo, ni maigizo. Mshindi anapangwa kabla, maneno yanaandikwa, na kampuni yenyewe ilishakiri: mwaka 1989 iliwaambia wabunge wa jimbo la New Jersey, Marekani, kwamba hiyo ni burudani na si mashindano, ili wasisimamiwe na kutozwa kama michezo ya kweli. Basi hilo limekwisha. Swali linalobaki ni lile tunaloiuliza filamu yoyote: ni maigizo mazuri au mabaya? Yanasema nini kuhusu watu?

Nimechukua WrestleMania 35, ya Aprili 7, 2019. Ilifanyika hukohuko New Jersey, uwanja wa MetLife. Huku kwetu ilianza saa nane usiku kuamkia Jumatatu, na sidhani kuna mtu hapa kambini aliyeilipia. Maana ndivyo biashara yao ilivyokuwa: kila wiki wanakupikia bifu kwenye televisheni, huyu kamtukana yule, yule kampiga huyu na kiti, harufu inakuingia puani, halafu sahani yenyewe unauziwa peke yake siku ya tukio kubwa. Sisi tuliipata wiki kadhaa baadaye kwenye flashi, imekatwakatwa, na mtafsiri wa kibanda akiongea juu yake kwa Kiswahili cha Uvira. Nilikuwa bado sekondari. Nilikaa chini kwenye mchanga kwa sababu benchi zilikuwa zimejaa.

Tukio lile lilikuwa refu mno, zaidi ya saa saba ukihesabu na mechi za utangulizi, na mengi yake hayana la kusema. Mechi ya mwisho kabisa walipewa wanawake watatu, Becky Lynch, Ronda Rousey na Charlotte Flair, mara ya kwanza katika historia ya WrestleMania. Wasichana wa kituo wanaikumbuka hiyo kuliko kitu kingine, na wana haki, ingawa ilimalizika vibaya: refa alihesabu tatu wakati bega la Rousey lilionekana liko juu. Lakini mimi roho yangu ilikuwa kwenye mechi ya katikati. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, dhidi ya Daniel Bryan, bingwa.

Ili uielewe lazima urudi nyuma miezi miwili. Kofi alikuwa na miaka 11 kwenye kampuni. Mtu wa kuchekesha, wa kuruka, wa kutembea kwa mikono ili miguu isiguse chini akatolewa. Kila mtu anampenda, hakuna anayemfikiria kwa mkanda mkubwa. Februari 2019 mwanamieleka mwingine, Mustafa Ali, akaumia, kweli, si kwa maigizo, na Kofi akawekwa kuziba pengo. Katika mechi ya mfululizo, wapinzani wanakuja mmoja baada ya mwingine, akakaa ulingoni zaidi ya saa moja. Akampiga Bryan mwenyewe, akampiga Jeff Hardy, akampiga Samoa Joe, ndipo akaanguka kwa AJ Styles. Watu waliokuja kumpigia makofi ya huruma wakajikuta wamesimama.

Kuanzia hapo hadithi ikamleta bosi. Vince McMahon, mwenye kampuni, aliingia mwenyewe kuigiza adui. Kofi akaahidiwa pambano la mkanda, bosi akaja kumtoa na kumweka Kevin Owens. Tukio lililofuata, Kofi akadhani ameongezwa kwenye pambano, kumbe amewekwa peke yake dhidi ya wawili, akapigwa. Halafu Machi 19 akaambiwa: washinde watano, usiku mmoja, utaenda WrestleMania. Akawashinda. Sheamus, Cesaro, Rowan, Samoa Joe, Randy Orton. Amelala chini, jasho linamtoka, marafiki zake wawili wa kundi la New Day wanamkumbatia, watu wanalia. Bosi akatokea, akampongeza. Kisha akasema bado mmoja. Akamleta Bryan, ambaye hakuwa amechoka hata kidogo. Kofi akapigwa.

Siku ile kwenye kibanda mtafsiri alinyamaza. Huyu mtu hanyamazi hata mwenye kibanda akimwomba. Alisema tu, "Bado mmoja," akaweka maiki kwenye goti. Mzee aliyekaa mlangoni akasema kwa sauti, "Kama sisi na faili," na hakuna aliyecheka.

Nadhani wasomaji wanaoishi hapa hawahitaji nieleze. Kwa ninyi mnaofanya kazi na sisi, labda nieleze kidogo. Mtu anafanyiwa mahojiano ya kwanza, anapita. Ya pili, anapita. Anapimwa afya, anaambiwa asiuze vitu vyake bado ila ajiandae. Halafu kuna karatasi moja. Halafu karatasi ile imechelewa na vipimo vya afya vimepitwa na muda, arudie. Hakuna aliyemwambia hapana. Ndiyo ilivyokuwa kwa Kofi usiku ule: bosi hakumwambia hapana. Alimpongeza. Hapo waandishi wa hadithi ile walikuwa mafundi kweli, kwa sababu adui wa kawaida wa mieleka anakutukana na kukupiga na kiti, na huyo ni rahisi kumchukia. Adui anayekupongeza huku akiusogeza mstari ni mgumu zaidi, na sisi tulimjua sura kabla hatujamjua jina.

Halafu Bryan. Hapa ndipo ninapowaambia wanaosema mieleka haina akili wakae chini. Mwaka 2013 na 2014 Bryan alikuwa ndiye Kofi. Mfupi, hana sura ya bingwa, wakubwa wa kampuni walimwita hadharani mchezaji wa daraja la B+, na watu walimpigania mpaka akachukua mkanda kwenye WrestleMania ya 30. Miaka mitano baadaye amekuwa bingwa mwenye kiburi, anahubiri mazingira na amebadilisha mkanda wa ngozi kuwa wa katani na mbao, na anamwambia Kofi nini? Kwamba yeye ni mchezaji wa daraja la B+. Maneno yaleyale. Mtu aliyebaniwa mlango, akiingia, anaufunga nyuma yake. Mimi nimeona wawakilishi wa wakimbizi wakibadilika hivyo baada ya kupewa ofisi na kiti cha kuzunguka. Sitaji mtu.

Pambano lenyewe lilichukua zaidi ya dakika 20. Bryan alimkaba, akamkaba tena, akampiga lile goti lake la kukimbia ambalo limemaliza watu wengi, Kofi akainua bega kwenye mbili. Mwisho ni teke la kuzunguka, Trouble in Paradise, lilelile lililotegua mkono kituoni kwetu. Moja, mbili, tatu. Big E na Xavier Woods wakaingia wanalia, wakamletea mkanda wa zamani. Watoto wake wawili wa kiume wakaingizwa ulingoni. Bingwa wa kwanza wa mkanda ule aliyezaliwa Afrika. Kwenye kibanda watu waliruka mpaka jenereta ikasukumwa ikazima.

Kuhusu maumivu, kwa vile ndiyo yaliyotuletea kikao. Kupangwa hakufanyi sakafu iwe laini. Chini ya turubai ya ulingo kuna mbao juu ya vyuma, na godoro jembamba tu. Wanajifunza kuanguka: kidevu kifuani, mgongo wote uguse mara moja, mikono imetandazwa. Bryan mwenyewe alilazimika kustaafu mwaka 2016 kwa sababu ya kuumia kichwa mara nyingi, akaruhusiwa kurudi 2018. Video zao huanza na onyo kwamba usijaribu nyumbani, lakini onyo ni la Kiingereza na mtafsiri wetu hajawahi kulitafsiri. Hilo ni kosa letu, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa zamu.

Sasa niseme ninachokichukia, kwa sababu sikuja hapa kuimba sifa tu.

Kofi alipoanza kuonekana mwaka 2008, kampuni ilimtangaza kuwa anatoka Jamaika. Mghana huyu aliongea kwa lafudhi ya Kijamaika, na nyimbo na rangi za kufanana. Watu walicheza naye hivyo karibu miaka miwili, mpaka mwaka 2009 mwenzake Triple H alipomuuliza, si wewe ni Mjamaika? Basi, lafudhi ikaisha, akaanza kutangazwa kuwa wa Ghana. Ilifanywa kama utani. Vijana wangu nilipowaambia hawakucheka. Mmoja anauza ndizi nje ya kambi, na anajua kuongea kama mtu wa Kigoma kabisa, "shikamoo" yake, "jamani" yake, kwa sababu akiongea kama nyumbani ataulizwa kibali. Aliniuliza, "Kofi nani alimwuliza kibali?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Ila najua kwamba hadithi tamu ya 2019, ya Mwafrika aliyenyimwa haki na bosi, iliuzwa na kampuni ileile iliyokuwa imemweka nyuma miaka 11 na kumvika nchi isiyo yake. Bosi aliigiza bosi. Watu wakalipia kumzomea, na pesa zikaingia mfukoni mwake. Ni ujanja mkubwa. Nauheshimu kama ujanja.

Kosa la pili ni la kisanii, na kwangu ndilo zito zaidi. Kofi alishika mkanda siku 180. Oktoba 4, 2019, kipindi kilipohamia kituo kikubwa cha televisheni, akapambana na Brock Lesnar. Sekunde hazikufika 10. Akainuliwa, akabwagwa, basi. Kushindwa si tatizo, steringi huwa wanashindwa. Tatizo ni kwamba baada ya pale hadithi haikuulizwa tena. Hakupewa mechi ya marudiano ya mtu kwa mtu na Lesnar, hakulia, hakukasirika kwa namna iliyokuwa na matokeo. Akarudi kuruka na kuchekesha na wenzake. Ile kazi yote ya miezi miwili, wale watano, yule "bado mmoja," ikafutwa kama ubao wa darasa. Waandishi walijua vizuri kueleza mtu anavyozuiwa. Cha kufanya naye akishaingia hawakuwa nacho, au hawakujali.

Wazee waliowahi kuona kachi ya Kinshasa wananicheka hapa. Kule mwanamieleka anakuja na bendi na dawa, mpinzani anaanguka bila kuguswa, na kila mtu kwenye uwanja anajua kesho atarudi na dawa kali zaidi kulipiza. Mzee mmoja aliniambia, "Ya Wazungu ina pesa, lakini haina deni." Alimaanisha kwamba kwenye kachi ukipigwa unadai, na watazamaji wanalishika deni hilo mpaka lilipwe. Nadhani ameona kitu nilichokuwa nakitafuta kwa kurasa tatu.

Mieleka haijarudi kwenye kituo. Tulichoruhusiwa ni mchezo wa kuigiza, bila kuruka, na vijana wameandika wa kwao: Kofi anakwenda ofisini kudai marudiano. Kijana aliyeteguka mkono ndiye Lesnar, ameng'ang'ania. Anayeuza ndizi ni Kofi, na anaongea kwa lafudhi yake ya nyumbani. Bado wanabishana nani awe bosi, kwa sababu hakuna anayetaka kuzomewa. Wamemwomba dada wa shirika. Amesema atafikiria.