Wimbo Kwanza, Mgeni Baadaye: Jinsi Kolabo za Diamond Zilivyovuka Mipaka

Mashabiki wakibishana kuhusu Diamond Platnumz, ubishi huishia kwenye pesa: ana uwezo wa kuwalipa wasanii wakubwa, kwa nini asipae? Hoja hiyo haielezi kitu. Pesa inaweza kumleta mgeni studio na kumweka mbele ya kamera mchana kutwa, lakini haiwezi kuwalazimisha mashabiki wa mgeni huyo wausikilize wimbo mara ya pili. Zipange kolabo zake kwa miaka na utaona kwamba zilizompaisha na zilizopita tu zinatofautiana kwa jambo moja kubwa, nalo ni nani alitangulia: wimbo au mgeni.

Mwaka 2013 kijana huyu wa Tandale alikuwa tayari jina kubwa nyumbani. "Kamwambie" ilikuwa imeshampa tuzo tatu za Kili mwaka 2010. "Number One" ilipotoka alikuwa peke yake ndani yake, na ilikuja na mtindo wake wa kucheza, ngololo, uliomwezesha hata asiyejua neno la Kiswahili kuingia kwenye wimbo kwa mabega na magoti. Wimbo ulipokwisha kushika Afrika Mashariki ndipo Davido akaingizwa, na rimiksi ikatoka mwanzoni mwa 2014.

Angalia kazi aliyopewa Davido. Hakuitwa kubuni wimbo. Melodi ilikuwa imeshakaa masikioni, kiitikio kilikuwa kimeshajaribiwa kwenye kumbi, na Kiswahili cha Diamond kiliachwa kama kilivyo. Mgeni alipewa ubeti tu, na ubeti huo uliwapa watangazaji na madijei wa Nigeria sababu ya kuupiga wimbo ambao wasingeugusa. Juni mwaka huohuo Diamond alikuwa Durban kwenye tuzo za MTV za Afrika, akiwania msanii bora wa kiume na kolabo bora. Kwenye BET alitajwa pia, na aliyemshinda alikuwa Davido huyohuyo.

Miaka mitatu baadaye mpangilio uligeuka. Kati ya 2017 na mwanzoni mwa 2018 zilitoka "Marry You" akiwa na Ne-Yo, "Waka" akiwa na Rick Ross, na "African Beauty" akiwa na Omarion, wakati akielekea kwenye albamu ya A Boy from Tandale. Ni nyimbo safi, na kurekodi na majina hayo ilikuwa heshima kwa Bongo Fleva nzima. Lakini mgeni alikuwamo tangu siku ya kwanza, na habari ikawa mgeni. Watu waliulizana kama kweli ni Rick Ross yule, wakaitazama video, wakaendelea na mambo yao. Msikilizaji wa Atlanta hakuwa na sababu ya kumtafuta Diamond, kwa sababu alisikia muziki unaofanana na alionao nyumbani. Wa Dar naye hakuona mahali pa kuungana na mgeni. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipindi dhaifu kuliko vyote katika safari yake ya kimataifa, ingawa ndicho kilichopambwa zaidi magazetini.

Kilichomrudisha kwenye njia ni Kongo. Hapo inafaa tukae kidogo, kwa sababu hakuvumbua njia mpya. Msikilizaji wa Dar hakuanza kuijua sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezeka katika muziki wa Kongo, mwaka 2019. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alikuja mwaka 1978 na akaimba Kiswahili juu ya magitaa ya kwao mpaka mtaa wa Sinza ukapata mahali panapoitwa Kwa Remmy. Bendi ya Maquis nayo ilikuwapo, na kizazi kilichofuata kikawa na FM Academia ya Nyoshi el Saadat. Muziki wa dansi wa Dar umejengwa na Wakongo na Watanzania kwa pamoja, na Bongo Fleva ilipoinuka iliuacha pembeni kama muziki wa wazee. Diamond aliuokota.

Alianza na Fally Ipupa kwenye "Inama", 2019. Miezi michache baadaye akaingia kwenye rimiksi ya "Yope" ya Innoss'B, na hapa yeye ndiye mgeni. Innoss'B ametoka Goma, mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani, na wimbo wake ulikuwa umeshaanza kutembea. Diamond akaupa ubeti, kama Davido alivyoupa "Number One" miaka mitano nyuma. Video hiyo imetazamwa zaidi ya mara milioni 100, na ipo kwenye chaneli ya Innoss'B, si ya Diamond. Wanaosema kila anachogusa lazima akimiliki waukumbuke mfano huo.

"Waah!" ya Novemba 2020 inaonekana kuipinga hoja yangu: ni wimbo mpya, na Koffi Olomide yumo tangu mwanzo. Lakini usikilize ulivyojengwa. Sauti nzito ya Koffi, mtu aliyekuwa akirekodi kabla Diamond hajazaliwa, imewekwa chini, karibu na maongezi, bila kulazimishwa kukimbizana na kijana. Diamond anaimba Kiswahili juu yake kwa sauti ya kati. Kisha mwendo unakaza, magitaa yanashika sebene, na hapo mwimbaji wa mapenzi anageuka rapa wa bendi: anachochea, anaamrisha miguu. Wimbo haukumvuta Koffi kwenye Bongo Fleva. Diamond ndiye aliyehamia kwenye muziki wa mwenzake, na aliweza kuhamia kwa sababu masikio ya Dar yalishaishi huko. Kwa hiyo mgeni anaweza kutangulia, ila muziki nao uwe wake. Njia ya kati, ya muziki usio wa huyu wala wa yule, ndiyo iliyomwangusha 2017.

Sitakaa sana kwenye YouTube, ambako mwaka 2020 chaneli yake ilifikisha kutazamwa mara bilioni 1, wala kwenye vituo vyake vya Wasafi FM na Wasafi TV. Vyombo hivyo vinaeleza wimbo unavyosambaa, havielezi kwa nini mtu wa Abidjan aurudie.

"Komasava" ya 2024 imerudi kwenye utaratibu wa "Number One". Ilitoka kwanza na Khalil Harisson na Chley wa Afrika Kusini, ikachezwa mitandaoni mpaka Chris Brown akaonekana akiicheza, na Jason Derulo akaingia kwenye rimiksi baada ya hapo. Derulo aliukuta wimbo umeshafika.

Kinachonisumbua ni kilichomo ndani. Kiitikio chake kimesimama juu ya salamu za lugha mbalimbali, na mtu akiukumbuka anakumbuka salamu. "Kamwambie" ilikuwa na kisa: kijana ameumizwa na anamtuma mtu apeleke ujumbe, nawe unangoja kujua utapokewaje. Bado sijasikia kolabo yake ya nje iliyomtaka mgeni abebe kisa cha namna hiyo kwa upande wake, akajibu ujumbe badala ya kuupamba. Ningependa kuisikia, na nadhani Fally Ipupa angeiweza.