Neno "Maadili" na Dhamiri ya Mtumishi: Uhakiki wa Lugha ya Kanuni za Kufukuza Wanafunzi Tanzania Bara

Kanuni za Elimu za mwaka 2002 kuhusu kufukuza wanafunzi Tanzania Bara hazikutaja mimba. Zilitaja kosa dhidi ya maadili, pamoja na kuingia katika ndoa. Hata hivyo, kwa takriban miongo miwili wasichana wajawazito waliondolewa shuleni kana kwamba mimba imeandikwa humo. Pengo kati ya andiko na utekelezaji lilizibwa na walimu wakuu na bodi za shule, kila mmoja kwa yale aliyolelewa nayo.

Kiswahili chenyewe kilirahisisha jambo hilo. Neno maadili hubeba mizigo miwili: miiko ya taaluma, na mwenendo mwema kama jamii inavyouona. Mwalimu anapoambiwa azingatie maadili ya kazi yake, husikia pia sauti ya mama yake na ya sheikhe au mchungaji wake. Si kosa kuwa na sauti hizo. Asiye na dhamiri hafai kukabidhiwa watoto. Tatizo ni kwamba zinasema kwa jina la taaluma, na mtoto hana namna ya kuzipinga, maana hata aliyezitamka hajui kuwa ametoa maoni yake binafsi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 4, inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Nalo neno hili lina mlango wazi. Hoja iliyozoeleka ilikuwa kwamba msichana aondoke ili wenzake wasimwige. Hapo maslahi yaliyopimwa ni ya watoto wengine. Aliyesimama mbele ya bodi amegeuzwa mfano tu.

Novemba 2021 serikali iliruhusu wanaojifungua warejee katika shule za mfumo rasmi, hatua ambayo Zanzibar ilikuwa imeichukua tangu 2010. Ruhusa hiyo ni muhimu, lakini haiamui namna mama huyo kijana atakavyopokelewa langoni. Ingefaa nyaraka za watumishi, wakiwemo maafisa ustawi wa jamii, zitumie "miiko ya taaluma" zinapozungumzia wajibu wa kazi. Ingefaa pia kila uamuzi wa kumwondoa mtoto uambatane na sababu za maandishi zinazomhusu mtoto huyo peke yake, na nakala wapewe wazazi wake.