KIBETI AU FINBAR? Maneno Machache Juu ya Picha ya Sinema "The Station Agent"

Mara nyingi katika kurasa hizi huchunguzwa maneno: asili yake, maana yake, na mahali yanapotumika. Leo twataka kusema juu ya picha ya sinema, wala hatudhani kwamba tumeiacha njia yetu. Kwa kuwa picha hiyo ni habari ya mtu aitwaye kwa maneno ya kila namna kabla ya kuitwa kwa jina lake.

Picha yenyewe ni "The Station Agent", iliyotungwa na kuongozwa na Tom McCarthy wa Marekani, ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2003. Ndiyo picha yake ya kwanza kuiongoza. Haikutengenezwa kwa mali nyingi: gharama yake ilikuwa kama dola 500,000, fedha kidogo mno kwa desturi ya sinema za nchi ile, na kazi ya kuipiga ilichukua siku 20 tu.

Habari yake ni fupi. Finbar McBride, mtu wa kimo kifupi sana, afanya kazi katika duka la magari ya moshi ya mfano mjini Hoboken, katika jimbo la New Jersey. Mwenye duka, mzee Henry, ambaye ndiye rafiki yake, afa ghafula na kumwachia urithi wa stesheni ndogo ya zamani iliyoko shamba, mahali paitwapo Newfoundland, katika jimbo lilo hilo. Finbar ahamia huko akitaka jambo moja tu, yaani kuachwa peke yake. Walakini haachwi. Karibu na stesheni yupo Joe, kijana mwenye asili ya Kuba, auzaye kahawa katika gari la babaye aliye mgonjwa, naye hawezi kunyamaza hata kidogo. Tena yupo Olivia, mwanamke mchoraji aliyefiwa na mwanawe, ambaye kwa mawazo yake kuwa mbali nusura amgonge Finbar kwa motokaa, si mara moja bali mara mbili. Watatu hawa hufuata njia ya reli kwa miguu, hula pamoja, hukaa kimya. Na hayo ndiyo karibu picha yote.

Hata hivyo watazamaji hucheka, na kicheko hicho chastahili kuchunguzwa. Iko michezo mingi ambayo ndani yake kimo cha mtu ndicho kichekesho chenyewe. Hapa wamchekao Finbar ni watu waliomo ndani ya picha: wapita njia wamzomeao, na mwenye duka ampigaye picha pasipo ruhusa. Sisi hatucheki pamoja nao. Twacheka pale Joe anapoahidi kukaa karibu naye pasipo kusema, kisha asema, kisha ajitetea kwamba amenyamaza kwa muda wa dakika 20. Naye Finbar, pasipo kuinua macho katika kitabu chake, amjibu kwamba zilikuwa 9. Kicheko hicho ni cha watu wawili wanaoanza kuzoeana, na kimo cha mmoja wao hakimo ndani yake.

Sasa turudi kwa maneno, maana hapo ndipo picha hii ilipotugusa. Lugha yetu humwita mtu wa namna hiyo kibeti. Tukitazama jamii ya neno hilo twaona kipofu, kiziwi, kiwete, kibogoyo: wote wamewekwa katika ngeli moja na kiti na kisu. Yafaa tuseme kweli yote: katika ngeli iyo hiyo wamo kiongozi na kijana, wala hakuna awadharauye kwa sababu hiyo. Tena twasema "kipofu amekuja", wala hatusemi "kipofu kimekuja". Basi jina laweza kuvaa vazi la kitu, lakini kitenzi hurudisha utu wa mwenyewe. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 yasema "watu wenye ulemavu", ikianza na neno watu. Nasi twaona ni vema. Lakini sheria haikai darasani wala haichezi uwanjani pamoja na watoto.

Hapa hatuna budi kukiri kosa. Miaka iliyopita tulikuwa na mwanafunzi ambaye wenziwe walimwita Kibeti. Tukadhani ni utani wa watoto, tukanyamaza. Hata asubuhi moja, tukisoma majina ya darasa, ulimi wetu ukatamka jina lile badala ya jina lake. Watoto wakacheka. Yeye akaitika, "Nipo, mwalimu," nasi tukaendelea na jina lililofuata. Wahenga walisema, Hujafa hujaumbika. Methali hiyo tulikuwa tukiifundisha mwaka ule ule.

Kwa hiyo tulipofikia mahali ambapo Finbar, akiwa amelewa, apanda juu ya meza ya baa na kuwaambia watu wote wamtazame vizuri, tuliona haya. Aliowaambia ni walevi wale, nasi pia tulioketi kumtazama muda wote ule. Ubora wa picha ni kwamba haimfanyi kuwa mtakatifu kwa sababu ya mateso yake. Ni mkaidi, ni mkimya kupita kiasi, tena hukataa wema anaopewa. Yuko msichana mdogo, jina lake Cleo, amwombaye aje shuleni kuwaeleza watoto habari za magari ya moshi. Hakumwita aje kuonyesha kimo chake. Alimwita kwa sababu ya elimu yake. Katika picha yote hatukuona heshima kubwa kuliko hiyo.

Kasoro zipo. Emily, msichana wa maktaba, aingia na kutoka kabla hatujamjua. Tena huzuni ya Olivia yafikia kutaka kujiua, na picha iliyokuwa ikienda polepole yaanza kuharakisha, kana kwamba mtungaji aliogopa kwamba ukimya hautatosha. Ulitosha.

Picha ilipokewa kwa furaha. Katika tamasha la Sundance, mwezi wa Januari 2003, ilipata tuzo ya watazamaji na tuzo ya utungaji, naye Patricia Clarkson, aliyecheza Olivia, akatunukiwa na waamuzi. Huko Uingereza ilipata tuzo ya BAFTA ya utungaji. Chama cha wachezaji wa sinema cha Marekani kilimweka Peter Dinklage, aliyecheza Finbar, miongoni mwa watu watano walioshindania tuzo ya mchezaji mkuu wa kiume. Oscar haikuitaja picha hii kabisa. Katika Marekani iliingiza zaidi ya dola milioni 5, mara kumi ya gharama yake.

Wako watakaoisifu kwa kusema kwamba yaonyesha watu wote ni sawa. Twadhani sifa hiyo ni nyepesi. Mwisho wa picha Finbar ni mfupi vilevile, na kesho yake mtu atamzomea tena njiani. Lililobadilika ni kwamba wako watu wawili barazani wamwitao Fin, naye akiitwa huitika pasipo kujikunja.

Twawaomba wasomaji walio walimu watuandikie maneno yatumikayo katika wilaya zao kwa watu wa kimo kifupi. Lakini kwanza na wawaulize wenyewe ni neno gani wanalolikubali, na majina yao ni nani.