Sauti Iliyovikwa Atlasi

Santuri iitwayo Lady in Satin, yaani Bibi Aliyevaa Atlasi, ambayo mwimbaji wa jazi Billie Holiday aliiimba mjini New York katika siku chache za Februari mwaka 1958, nilipoisikia mara ya kwanza niliiondoa kinandani kabla upande wake mmoja haujamalizika, nikasema kuwa ni dhuluma kuzipanga fidla tamu namna ile nyuma ya koo lililokwisha kukauka. Miaka ilipita kabla sijatanabahi kuwa sikio langu ndilo lililokuwa na upungufu. Nilipata faraja kidogo nilipojua kuwa Ray Ellis mwenyewe, aliyezipanga ala zote na kuiongoza orkestra, alikuwa hakuridhika na uimbaji ule siku za kurekodi. Alikuwa akisikiliza kama mwanamuziki asikilizavyo, akiihesabu kila noti iliyoteleza, wala hakuijua tunu iliyokuwa mikononi mwake mpaka majuma kadhaa baadaye, alipoisikia kazi nzima imekwisha kuchanganywa.

Bibi huyu alikuwa na umri wa miaka 42, na ulevi na heroini vilikuwa vimemla kama mchwa alavyo boriti, nje ikabaki sura na ndani vumbi. Mwaka 1947 alitiwa gerezani kwa sababu ya dawa za kulevya, na alipotoka alinyimwa cheti ambacho bila ya hicho mwimbaji hakuruhusiwa kufanya kazi katika vilabu vya New York viuzavyo pombe. Hata hivyo, anayedhani kuwa maradhi yaliinyang'anya sauti yake ukubwa hana habari naye, kwa maana sauti ile haikupata kuwa kubwa hata siku moja: hata katika ujana wake masafa yake, toka chini hadi juu, yalizidi kidogo tu noti nane. Alichokuwa nacho ni elimu ya wakati, aliyoichuma utotoni katika santuri za Bessie Smith na za Louis Armstrong. Na elimu hiyo haikai kooni.

Ufundi wenyewe ni huu. Mpigo hutangulia, naye huuacha uende. Neno ambalo msikilizaji amekwisha kulitayarishia nafasi halitokei, ngoma imepita, besi ya Milt Hinton imekwisha kukanyaga mahali pake, na ndipo neno lije taratibu, kama mgeni mstahiki aingiaye shughulini watu wamekwisha kukaa, ambaye kuchelewa kwake hakumvunjii heshima bali humwongezea. Akichelewa mno wimbo utamponyoka, akiwahi atakuwa sawa na waimbaji wengine wote. Baina ya makosa hayo mawili pana upenyo mwembamba kama uzi, nao ndio alioupita tangu santuri yake ya kwanza mwaka 1933. Katika I'm a Fool to Want You, wimbo unaoifungua santuri hii, pumzi haimtoshi kuishikilia noti mpaka mwisho wake, basi anaiacha ikatike, na pale ilipokatika panakuwa pahala pa maana. Miongoni mwa majina ya watungaji wa wimbo huo limo la Frank Sinatra, ambaye mwaka ule ule wa 1958 alikiri hadharani kuwa hapana mwimbaji aliyemwathiri yeye kuliko Billie Holiday.

Kazi ilifanyika katika jengo la Mtaa wa 30, upande wa mashariki wa Manhattan, ambalo zamani lilikuwa kanisa kabla kampuni ya Columbia haijaligeuza studio. Dari yake ilikuwa juu mno, na mwangwi wake uliipa kila ala uvuli laini. Mpiga tarumbeta Miles Davis alirekodi santuri yake Kind of Blue humo humo mwaka uliofuata.

Ama kuhusu atlasi hiyo, yaani zile fidla, kinubi, na kikundi cha wanawake waitikiao bila maneno, sitaficha rai yangu: waitikiaji wamezidi, na pengine husikika kama manukato yaliyomwagwa chumbani mwa mgonjwa. Lakini nguo hii hakuvishwa kwa hila. Aliisikia kazi ya Ellis katika santuri nyingine, akaitaka mwenyewe. Na stadi aliyekaa miaka mingi mbele ya bendi ndogo za jazi alijua hapana shaka kuwa kitambaa kikiwa nyororo, mkono uliokwaruzika hujulikana upesi zaidi kila unapokigusa.

Wimbo wa mwisho, The End of a Love Affair, hakuyajua mahadhi yake sawasawa. Orkestra ikarekodiwa kwanza peke yake, naye akauimba baadaye juu ya sauti zilizokwisha kunaswa katika utepe. Wapigaji walio hai wakiona mwimbaji amekawia humngoja, humwangalia mdomo, hupunguza mkono. Utepe haumngoji mtu. Angeweza kuufuata tu kwa adabu, mpigo kwa mpigo, na asingelaumiwa. Fidla zikapita, neno halikuja. Zikapita tena, ndipo likaja, limechelewa vile vile.