Jamani, Hawa Sunburst Wamenimaliza!

Aliyesema Tanzania haikuwahi kuwa na roki aje hapa Mutuka sasa hivi, spika ingali moto, asikilize wimbo wa Enzi za Utumwani, halafu tuendelee kubishana.

Ndiyo kwanza nimeipata Ave Africa, albamu ya kwanza ya bendi ya Sunburst (na ya mwisho, ole wetu), na sijui nianzie wapi. Gitaa! Nianze na gitaa. Hembi Flory Kongo habembelezi kama wapigaji tuliowazoea kwenye zilipendwa. Gitaa lake linakwaruza, linalia, linang'ata! Kinanda cha Kassim Magati kinalijibu, na James Mpungo anaimba kama mtu aliyekuja kudai deni lake. Enzi hizo kila bendi ilikuwa na mtindo wake, NUTA na Msondo wao. Hawa wa kwao waliuita Kitoto, na unapanda kichwani haraka.

Sasa sikia ilivyopatikana. Bendi ilianza Dar es Salaam mwaka 1970. Kurekodi nyumbani maana yake ilikuwa Radio Tanzania, na mkanda ukiingia maktaba ya redio, umeingia. Unasikika hewani, basi. Dukani huukuti, kwa sababu nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Wengi walipanda kwenda Nairobi. Sunburst wakashuka Zambia, ambako bendi kama WITCH zilikuwa zimeshawasha moto wa roki yao wenyewe, na huko ndiko Ave Africa ilikotoka, mwaka 1976. Vijana wa Dar kwenda kutolea albamu ugenini! Na ule ugeni nausikia humo ndani: hakuna anayepiga kwa kumwogopa mzee wa dansi.

Tukaisahau. Ikabidi lebo ya Strut iitoe upya mwaka 2016, pamoja na rekodi zao za kuanzia 1973, ndipo wengine tukajua tulikuwa na mali.

Nyimbo za Kiingereza hazinigusi sana, niseme ukweli. Amani na upendo wa miaka ya sabini tumeshausikia kwingi. Lakini wakirudi kwenye Kiswahili, ukafika Simba Anguruma, hee! Nimeurudisha mpaka dereva wa bodaboda hapa nje ameuliza hii bendi mpya ya Dar inaitwaje, akaupakue.

Nimemtajia jina. Mwaka sijamwambia.