Karani na Vita: Kuupima Wasifu wa Shaaban Robert

Msomaji afunguaye Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1949, kwa tamaa ya kupata humo historia ya Tanganyika, huenda akakifunga kwa huzuni. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, zama za Wadachi. Alikuwa hajatimiza miaka sita majeshi ya Waingereza yaliposhuka Tanga, Novemba 1914, yakashindwa na kurudi merikebuni. Hayo hayasimuliwi. Kitabu chaanza na ndoa, kana kwamba mtu huzaliwa siku aoapo.

Wanaokitia ila kwa kimya hicho wana haki, lakini si haki kamili. Karani aliyeingia kazi ya Forodha mwaka 1926 haioni serikali kwa mapana yake; huiona katika barua ya uhamisho. Amri yatoka mbali, naye hana budi kufunga mizigo, kuiaga pwani na kushika njia ya Mpwapwa. Katika safari hiyo ubaguzi wa rangi wamkuta garini, mahali ambapo nauli ingetosha kuwa hoja. Hapo pana utawala wa kigeni mzima, wala mwandishi hakuhitaji kumtaja gavana. Kadhalika kifo cha Amina, mkewe: mjane mwenye watoto wa kulea aliendelea kuwa mtumishi wa watu, na saa za kazi hazikupunguzwa na msiba wake.

Mtu huyuhuyu alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, tungo ndefu mno juu ya vita vya mwaka 1939 hata 1945. Humo mna wafalme, majemadari na miji ya Ulaya ambayo mtungaji hakuiona. Habari zilimfikia zikiwa zimekwisha pita mikononi mwa wengi. Ustadi wa vina haukatazwi kusifiwa. Ila atakaye kujua vita ile ilikuwa nini kwa Mwafrika mwenye mshahara mdogo atafaidika zaidi na kurasa chache za nathari kuliko mabeti yale yote.

Lawama yenyewe iko kwingine. Shaaban Robert hana subira na tukio. Likisha kumuuma, hulikimbilia kwa hekima, akaligeuza funzo la uvumilivu kabla msomaji hajamwona vema aliyemtenda. Dhalimu hupata stara asiyoistahili. (Wanafunzi wengi huiita tabia hiyo upole, wasome tena safari ya Mpwapwa.)

Sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini, iliunganishwa na ya kwanza katika chapa ya mwaka 1966, miaka minne baada ya kufa kwake. Siasa imo kwa wingi zaidi, na sauti ni ya mzee ajulikanaye. Karani wa safari ile hasikiki tena kwa ukaribu ule.